iPhone 15 Pro Max au Galaxy S24 Ultra: namna ya kuamua ukiwa Arusha na hela yako mfukoni

Mdogo wangu ni dereva wa watalii. Alirudi kutoka Ngorongoro na simu iliyopasuka kioo kona hadi kona, akaniambia, "Kaka, safari hii nataka kitu cha maana, nimechoka kununua kila mwaka." Alikuwa amejichanga msimu mzima, na kichwani alibakiwa na mbili tu: iPhone 15 Pro Max na Samsung Galaxy S24 Ultra. Zote used, maana mpya ya fulu boksi ilikuwa inamtoa pumzi.

Mimi si fundi wala sina duka. Ni yule mtu ambaye kila ukoo unaye, anayepigiwa kabla hela haijatoka. Kazi hiyo niliipata kwa kuumia. Mwaka 2021 niliuziwa iPhone iliyokuwa imefungwa kwa mtandao wa nje, juu ya laini kukawa kumepachikwa kikadi chembamba kama ganda la kitunguu cha kuilaghai ishike mtandao wetu. Ilikaa wiki tatu. Nilipoiapdeti ikaandika "No Service", na niliporudi nilikoinunua nikakuta wanauza viatu.

Tangu hapo silinganishi majina. Simu hizi mbili zote ni nzuri, na ukibishana nani mkali utakesha kama mtu anayebishania Simba na Yanga. Mbele yako kaunta hakuna "iPhone" wala "Samsung". Kuna vipande viwili, kila kimoja na alikopitia, na kimoja kati ya hivyo ndicho utakachoenda nacho nyumbani. Tulichofanya kwa siku mbili ni hiki.

Hatua ya 1: Andika wiki yako kabla hujaangalia simu

Nilimkalisha na daftari, nikamwambia aandike simu inafanya nini kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Si anachotamani kufanya, bali anachofanya. Ikatoka hivi: WhatsApp kutwa, laini mbili (moja ya M-Pesa, nyingine ya Airtel kwa sababu porini zinapokezana mtandao), picha za wanyama kwa ajili ya kurasa zake, kurusha picha kwa wageni, ramani, na simu kukaa juu ya dashibodi ya Landcruiser inapigwa jua. Gemu hachezi. Video anachukua fupi fupi.

Daftari hilo liliua nusu ya ubishi. Prosesa, kwa mfano. A17 Pro ya iPhone na Snapdragon 8 Gen 3 ya Samsung zote zina nguvu kuliko kazi yoyote iliyoandikwa pale. Tukazifuta.

Ukiwa mpagazi au mwongoza wageni wa mlimani, ongeza baridi kwenye daftari. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPhone ni ya kutumika kati ya nyuzi 0 na 35, na betri za lithiamu za simu yoyote hulegea baridi ikizidi. Kibo usiku simu inaweza kuzima ikiwa bado inasoma chaji. Hapo dawa ni kulala nayo ndani ya slipingi begi, iwe ya kampuni gani.

Hatua ya 2: Karatasi, dakika kumi zinatosha

iPhone 15 Pro Max ilitoka Septemba 2023: kioo cha inchi 6.7, gramu 221, fremu ya titani, RAM GB 8, kamera kuu ya megapikseli 48 na ya kuvuta mara 5. Galaxy S24 Ultra ilitoka Januari 2024: inchi 6.8, gramu 232, nayo titani, RAM GB 12, kamera kuu ya megapikseli 200, mbili za kuvuta, mara 3 na mara 5, betri ya mAh 5000, na kalamu inayochomekwa ndani ya mwili wa simu. Zilipotoka, bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 1,199 kwa iPhone na 1,299 kwa Samsung. Zote zinaanzia GB 256 na zote zinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo hadithi ya "chaja ya iPhone ni ngumu kupata" imekwisha kwa toleo hili.

Kwenye karatasi nzima ninasimama mahali pawili tu.

Kwanza, hakuna hata moja inayopokea memori kadi. Ukubwa unaonunua leo ndio huo huo hadi siku unaiuza. Piga hesabu: video ya 4K ya fremu 30 kwenye iPhone inakula takriban MB 170 kwa dakika, yaani saa nzima ni kama GB 10. Ukipandisha hadi fremu 60 inakaribia MB 400 kwa dakika. Kwa mtu wa vipande vifupi GB 256 inamtosha akiwa na tabia ya kufuta. Anayerekodi harusi achukue 512 asijute.

Pili, umri. Samsung waliahidi S24 Ultra miaka 7 ya masasisho, inayofika 2031. Apple hawatangazi kwa mbwembwe namna hiyo, ila mwenendo wao unajulikana: iPhone XS ya 2018 ilipata iOS 18 mwaka 2024. Kwa anayenunua used hili ni kubwa kuliko megapikseli, kwa sababu ananunua miaka iliyobaki.

Hatua ya 3: Zitoe nje juani

Dukani chini ya taa kila kioo kinang'aa kama kito. Muombe muuzaji mzitoe hadi kizingitini. Asipokuamini, acha simu yako kaunta au mwache mwenzako ndani. Tulifanya hivyo karibu na Mnara wa Saa, saa saba mchana, jua la utosi. Fungua ramani kwenye zote mbili, pandisha mwanga hadi mwisho, zishike sambamba usawa wa kifua.

Karatasi zinasema iPhone inafika niti 2000 nje (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) na Samsung 2600, lakini tofauti tuliyoiona haikutokana na niti. Kwenye iPhone mdogo wangu alijiona mwenyewe: kofia, miwani, na waya za umeme nyuma yake. Kwenye Samsung aliona barabara za ramani. Kioo cha S24 Ultra kimetengenezwa kumeza mng'ao, na juani kinasomeka kama karatasi. Kwa mtu anayeendesha gari lililofunguliwa paa, hiyo ilikuwa pointi ya kwanza nzito ya siku. Angalizo moja: ukibandika protekta ya kawaida juu yake unarudisha ule mng'ao. Ulizia protekta yenye mpako wa kuzuia mwako, au uwe mwangalifu nayo.

Hapo hapo pima mkono. Samsung ina kona kali, na kwa kiganja kidogo inachoma kidole cha mwisho ukiishika muda mrefu. Shemeji yangu wa Moshi aliishika nusu dakika akairudisha: "Hii ni kigae." iPhone ina kingo zilizopinda kidogo. Usiache mtu akuamulie hili.

Hatua ya 4: Kamera, lakini kupitia WhatsApp

Watu huvuta picha dukani, wanaikuza kwa vidole viwili, wanaguna. Picha zako hazitaonwa hivyo. Zitaonwa na mteja kwenye simu yake baada ya WhatsApp kuzibana. Kwa hiyo piga picha zilezile kwa simu zote mbili, zirushe kwenye simu ya tatu, ya kawaida kabisa, na uhukumu huko.

Tulipiga nne. Uso wa mtu amesimama kivulini na barabara yenye jua nyuma yake: iPhone ilimwacha na rangi yake halisi, Samsung ilimng'arisha kidogo, naye akaipenda, kwa hiyo hapo ni hiari yako. Bango upande wa pili wa barabara: kwa mara 5 zilitoka sare, kwa mara 10 Samsung iliendelea kusomeka wakati iPhone inaanza kuwa kama rangi ya maji. Bodaboda inayopita: iPhone ilimgandisha dereva, Samsung ikampaka ukungu mkononi. Ndani ya duka la vitenge lisilo na taa: zote safi.

Ile mara 100 ya Samsung ni ya kushangaza wageni. Utaona mwezi, utaufurahia, basi. Simba aliye mita mia mbili unampiga kwa mara 5 hadi 10, na hapo ndipo pesa yako ilipo.

Kuna neno moja upande wa iPhone ambalo madereva wa hapa wanalijua vizuri. Wageni wengi wanakuja na iPhone, na mwisho wa siku wanataka kurushiana picha kwa AirDrop palepale mezani kambini, bila bando, picha ikiwa kamili. AirDrop ilijengwa kwa vifaa vya Apple vyenyewe kwa vyenyewe, na wakati ule mwenye S24 Ultra alibaki kutuma WhatsApp kama dokumenti, mtandao ukipatikana. Mdogo wangu aliingia mjini akiwa na iPhone kichwani kwa sababu hiyo tu, na si sababu ya kijinga. Inahusu bakshishi.

Hatua ya 5: Muulize fundi bei ya kioo kabla hujamuuliza muuzaji bei ya simu

Ndogo lakini usiiruke. Nenda kwa mafundi wawili tofauti, uliza swali hili hili: "Kioo original cha hii ni shilingi ngapi, unacho hapa au unaagiza Kariakoo?" Simu ambayo kioo chake kipo Arusha leo na simu ambayo kioo chake kinasubiri basi la Dar si bei moja, hata kama dukani zimeandikwa sawa. Chukua jibu la fundi, jumlisha kava na chaja nzuri (maboksi ya zote mbili hayana kichwa cha chaja), ndipo uwe na bei ya kweli.

Kuhusu chaja: iPhone inafika asilimia 50 kwa kama dakika 35 ukitumia kichwa cha wati 20 au zaidi. Samsung inapokea wati 45, ila inahitaji kichwa na waya vinavyobeba wati hizo. Chaja ya gari ya zamani ya USB ya mstatili itazichosha zote mbili.

Hatua ya 6: Sasa kagua kipande chenyewe

Hapa usiwe na haraka wala aibu. Winga, yaani dalali wa dukani, atakuwa pembeni anasema, "Bosi, hii imefunguliwa tu kuangaliwa." Mwache aseme.

Anza kwa *#06#. IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, lazima ilingane na ya kwenye boksi kama boksi lipo, na ya kwenye Settings. Kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakujibu ni simu ya aina gani. Jibu likitaja kitu tofauti na ulichoshika, weka simu chini, aga, ondoka. Tusisahau Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima na watu wakaamka wameshika vigae.

Kwa iPhone, ingia Settings, General, About. Tazama namba ya modeli. Ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F ni iliyotengenezwa upya na Apple, N ilitolewa kumbadilishia mteja mwenye tatizo. Herufi za mwisho kabla ya mkwaju zinataja soko lake: LL ni Marekani, ZA ni Hong Kong. Usidharau hilo, tutalirudia kwenye laini. Shuka chini hadi Carrier Lock. Inatakiwa iandike "No SIM restrictions", na kama mwaka 2021 ningejua mstari huo nisingekuwa na hadithi ya viatu. Toa laini uone hakuna kikadi chochote cha ziada. Kwenye ukurasa huohuo kukitokea historia ya vipuri ikasema "Unknown Part" kwenye kioo, betri au kamera, jua kimeshabadilishwa kwa kipuri kisichotambulika. Toleo la 15 pia linaonyesha betri imechajiwa mizunguko mingapi. Apple wanasema betri hizi zimekusudiwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1000 katika hali nzuri. Ukikuta asilimia 100 na mizunguko mia saba, jiulize nani amechezea nini.

Kwa Samsung, nenda About phone. SM-S928B ndiyo ya soko la kimataifa. SM-S928U ni ya mitandao ya Marekani, na U1 ni ya Marekani isiyofungwa. SM-S928N ni ya Korea Kusini, na simu za soko hilo zinafahamika kwa mlio wa kamera unaogoma kuzima: weka simu kimya, piga picha, sikiliza. Kwa mtu wa kupiga picha swala mita kumi, mlio huo ni mkosi. Kisha fungua sehemu ya kupiga simu, andika *#0*#. Itatokea menyu ya vipimo: rangi nyekundu, kijani na buluu kioo kizima, mguso, spika, vihisi. Kwenye rangi tafuta mstari mwembamba wa kijani au kivuli cha kibodi kilichoungua. Vioo vya OLED vikianza hivyo havirudi nyuma. Chomoa kalamu, andika jina lako kona zote nne.

Zote mbili: muombe muuzaji aifute kabisa, mbele yako, kisha uianzishe wewe mwenyewe kwa akaunti yako. Ikidai akaunti ya Apple au Google ya mtu mwingine, si yako hata ukilipa. Ikitokea ukurasa unaosema simu inasimamiwa na kampuni au inadaiwa, ni hivyohivyo. Simu za mkopo zinauzwa mitaani kila siku. Anayeuza anaacha kulipa, na inayozimwa ni iliyo mkononi mwako. Hakuna kuflashi kutakakokuponya kwa kudumu.

Na ile IP68 isahau. Zilipotoka kiwandani zote zilistahimili maji, lakini simu iliyowahi kufunguliwa na fundi haina uhakika huo tena. Masika ichukulie kama simu ya kawaida.

Hatua ya 7: Laini mbili na kitochi

Watu wengi wanakwama hapa baada ya kulipa. iPhone 15 Pro Max ya Marekani haina sehemu ya kuweka laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo na kikadi cha kuchomoa. Ya masoko mengine mengi ina laini moja ya kawaida na eSIM. Ya Hong Kong inapokea laini mbili za kawaida. S24 Ultra ya kimataifa inapokea mbili za kawaida. Ya Marekani moja na eSIM.

eSIM si mbaya, na mitandao yetu imeanza kuzitoa. Ila fikiria uko Lobo, ndani ya Serengeti, simu imezima, mgeni anataka ulipie kitu kwa M-Pesa. Mwenye laini ya kawaida anaichomoa, anaipachika kwenye ile fremu yake ya plastiki, anaiweka kwenye kitochi, maisha yanaendelea. Mwenye eSIM anasubiri chaja. Kwa hiyo laini yenye pesa ibaki ya kawaida, eSIM iwe ya bando. Na fremu ya laini usiitupe. Mdogo wangu anaitunza ndani ya leseni.

Hatua ya 8: Lipa, andikisha, kisha itese

Dai risiti ya EFD yenye IMEI. Unaponunua kwa mtu binafsi, andikianeni mauziano yenye namba ya kitambulisho chake cha NIDA, sahihi na shahidi mmoja. Atakayekataa kuandika amekujibu.

Maduka mengi ya used hutoa siku chache za kurudisha. Muulize ni ngapi, ziandikwe nyuma ya risiti, kisha usiipakate simu kama mtoto mchanga siku hizo. Ishindishe kwenye ramani, irekodi video hadi ipate moto, iongelee saa nzima, ichaji usiku, uamke nayo.

Tuliishia wapi? iPhone iliyokuwa mbele yetu, ile aliyoijia mjini, ilikuwa ya Marekani, haina laini, na kioo kilisoma "Unknown Part". Samsung ilikuwa S928B, boksi na IMEI vinaoana, kioo safi. Ingekuwa iPhone ya ZA yenye vipuri vyake, nadhani ningemshauri aichukue kwa ajili ya wageni wake. Haikuwepo. Akalipa Samsung, siku saba zikaandikwa.

Siku ya tano akanipigia kutoka Karatu: spika ya sikioni inakwaruza mtu akiongea kwa sauti. Aliporudi mjini tulienda na risiti, muuzaji akaguna, akasikiliza mwenyewe mara mbili, akatoa nyingine ya aina ileile kutoka chini ya kaunta. Mdogo wangu akaanza kuhamisha laini. Nikamshika mkono, nikaichukua ile simu, nikaandika *#06#.